Tarumbeta bila pistoni: midomo ilifanya kazi ya vidole

Wengi wetu tunaijua tarumbeta ya fanfari: iko na pistoni tatu, vidole vinabonyeza, noti zinabadilika. Lakini huko Ulaya, kati ya mwaka 1600 na 1750, tarumbeta haikuwa na pistoni wala tundu la kuziba. Ilikuwa bomba la shaba lililokunjwa, na ukilinyoosha linapita mita 2. Basi mpigaji alibadilisha noti namna gani?

Kwa midomo na pumzi tu. Bomba la namna hiyo linatoa noti zake za asili peke yake. Chini zinaachana mbali: do, sol, do, mi, sol. Hizo zinatosha kwa kuita askari, si kwa wimbo. Ukipanda, noti zinakaribiana: do, re, mi, fa, sol. Kule juu njo wimbo unawezekana, na njo kwenye hatari: ukikaza midomo kidogo kupita kipimo, unaangukia noti ya jirani. Tena fa ya bomba inapanda mno, la inashuka. Mpigaji anazirekebisha kwa midomo, sikio likimuongoza.

Gottfried Reiche, wa mji wa Leipzig, Ujerumani, alikuwa fundi mkubwa wa kazi hiyo, na alipiga muziki wa Johann Sebastian Bach. Tarehe 5 Oktoba 1734 alipiga usiku, nje, mbele ya mfalme, katika moshi wa mienge. Kesho yake alianguka njiani, akafa. Kumbukumbu za mji zilisema ni juu ya uchovu wa kazi ile na ule moshi.

Wapigaji walikuwa na chama chao, chenye ruhusa ya kaisari toka 1623. Kijana alifunzwa na bwana wake, kwa kumsikiliza na kumuiga. Mtu wa nje hakufundishwa. Kisha mitindo ya muziki ikabadilika, kazi ikapungua. Johann Ernst Altenburg alitoa kitabu juu ya ufundi huo mwaka 1795, lakini wenye kuurithi walikuwa wachache. Miaka kama 20 baadaye pistoni zikafika.

Tarumbeta zilibaki kwenye makumbusho, karatasi za Bach pia. Kilichopotea ni kile wazee walichokuwa nacho midomoni. Katika karne ya 20 wapigaji walianza kukitafuta upya. Wengi wanatumia bomba lenye matundu madogo ili noti zisiwaponyoke. Wachache wanapiga bila tundu, sawa Reiche.