Lugha ya Kitufe: Upau wa Zana katika Hifadhidata za Ofisini na Funzo Lake kwa Bujumbura

Historia ya Kiswahili katika kompyuta kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata programu zilizotafsiriwa. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice. Wakati huo OpenOffice.org haikuwa bado na programu yake ya hifadhidata, Base, iliyokuja na toleo la 2.0 mwaka 2005. Hata hivyo, ilikuwapo njia nyingine isiyosimuliwa sana: mtayarishaji programu wa ofisi kujiundia upau wa zana, yaani ule mstari wa vitufe ulio juu ya dirisha, kwa lugha aitakayo.

Njia hiyo ilipanuka kwa Access 97 ya Microsoft. Kupitia kifaa cha msimbo kiitwacho CommandBars, mistari michache ilitosha kuunda upau, kuongeza kitufe, kukipa kazi kwa OnAction na maandishi kwa Caption. Amri zenyewe zilikuwa za Kiingereza, lakini Caption haikumlazimisha mtu lugha yoyote. "Sajili" ilikubalika sawa na "Enregistrer". Kihariri cha msimbo hakikutumia Unicode. Kwa hiyo Kiamhari kilikwama mlangoni, ilhali Kiswahili, Kirundi na Kifaransa vilipita bila shida.

Kwa Bujumbura jambo hili lina uzito wake. Kiswahili ni lugha ya siku zote ya Buyenzi na ya biashara mjini, Kirundi ni lugha ya taifa, na Kifaransa kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya majalada. Katika mazingira hayo kitufe huwa mpaka. Mteja aweza kueleza shida yake kwa Kiswahili, karani akaielewa kwa Kirundi, kisha taarifa ikaingizwa chini ya lebo za Kifaransa. Kila kuvuka mpaka huo ni nafasi ya kosa.

Mwaka 2007 mambo mawili yalikutana. Tarehe 1 Julai Burundi ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake, katika ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka huohuo Access 2007 iliingia sokoni na kuleta utepe badala ya pau za zana. Pau zilizoundwa kwa msimbo wa zamani hazikufutwa, bali zilisukumwa kwenye kichupo cha programu jalizi. Utepe mpya uliandikwa kwa XML na kuweza kuhifadhiwa katika jedwali la USysRibbons. Lebo zilizofungiwa ndani ya msimbo zilihitaji kuandikwa upya moja baada ya nyingine; zilizowekwa katika jedwali lake ziliweza kuhamishwa pamoja.

Funzo kwa watunga sera ni kwamba lugha ya mfumo wa ofisi huamuliwa mapema, katika mkataba wa ununuzi. Mkataba unapaswa kudai mambo mawili: lebo zikae katika jedwali lenye safu ya kila lugha, na ofisi ikabidhiwe msimbo. Istilahi zenyewe zinaweza kusanifishwa kwa msaada wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Bila hayo, Kiswahili kitaendelea kuzungumzwa mbele ya meza ya karani na kukosekana kwenye kioo cha kompyuta yake.