Sharti la babu na mji mmoja wa mwanangu

1/7

Niliahidi wiki hii tutaendelea na homa za watoto. Nisameheni, homa itasubiri kidogo. Kila siku ya kliniki, nikishamaliza kupima uzito, hakosi mama wa kuniuliza: "Nesi, huyu mwanangu na simu nimfanyeje?" Nilikuwa najibu haraka haraka, mnyang'anye. Mpaka likanifika kwangu.

Mwanangu ana miaka 15. Usiku mmoja niliamka saa saba kunywa maji, naona mwanga chini ya shuka. Anacheza gemu, na asubuhi ana mtihani wa skuli. Hasira zikanipanda. Nikaichukua simu na ile gemu nikaifuta palepale, mbele ya macho yake.

Akalia. Kijana ananizidi kimo, analia machozi. Akasema, "Mama, umeniharibia wiki tatu. Na nilikuwa sijavunja sharti hata mara moja."

Sharti gani? Sikumuuliza. Nilirudi kulala, lakini usingizi haukuja, maana neno lile mara ya mwisho nililisikia kwa babu yangu.

2/7

Kesho yake jioni nilimkalisha barazani nikamwambia anieleze. Gemu yenyewe inaitwa Unciv, ya bure, inaingia kwenye simu ndogo na haitaki bando kuichezea. Si ya kupiga risasi. Ni ya zamu: unacheza wewe, unamaliza, ndo wanacheza wenzako, hata kama hao wenzako ni kompyuta. Hakuna haraka, unaweza kukaa ukafikiri mpaka uchoke.

Asili yake ni gemu ya Marekani ya mwaka 1991, Civilization, ya jamaa anaitwa Sid Meier. Unaanza na watu wachache miaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, unajenga mji, watu wako wanajifunza kuandika, kutengeneza gurudumu, kujenga majahazi, mpaka mwisho wanarusha vyombo angani. Kawaida mtu anajenga miji mingi, maana mwenye miji mingi ndiye mwenye nguvu.

Sasa lililotokea ni hili. Watu walicheza mpaka wakaizoea na ushindi ukakosa ladha. Wapo waliokuwa wakicheza toleo la pili, la 1996, wakajiwekea sharti: mji mmoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Gemu haikuwalazimisha, walijikataza wenyewe. Sharti lile likapendwa hata toleo la nne, la 2005, watengenezaji wakaliingiza ndani kama chaguo la kubonyeza. Na hii Unciv inalo.

Mwanangu alikuwa na mji wake mmoja. Juu yake akaongeza sharti lake la pili, ambalo gemu haina habari nalo: akikosea, harudi nyuma kwenye alipohifadhi. Kosa ni kosa, anaendelea nalo. Wiki tatu alikuwa hivyo, peke yake chumbani, bila ya mtu wa kumkagua. Mimi nikaja kufuta.

3/7

Vijana wetu wengine hawalijui bao vizuri, kwa hivyo niwakumbushe.

Bao la kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kwetu kete ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu zake mbili na kete zake 32. Mtoto huanzishwa na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, basi mnacheza. Bao lenyewe la watu wazima linaanza kwa kutandaza kete 10 tu kila upande: sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake. Zilizobaki 22 unazishika, unaziingiza moja moja kila zamu. Huko ndo kunamua. Zikishaisha mkononi mnaingia mtaji.

Na kuna jambo moja nalipenda kuliko yote. Kwenye bao kete haitoki nje. Ukila za mwenzako unazipanda upande wako. Mwanzo 64, mwisho 64, zimehama tu mikono.

Mchezo huu ni wa siku nyingi katika pwani yetu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, ametunga shairi zima kwa maneno ya bao. Na mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, akitafuta akili ya binadamu inafika wapi. Miongoni mwa aliyoyachunguza ni kucheza bila ya kuutazama ubao.

Mimi hilo la bila kutazama sikulisoma kitabuni kwanza. Nililiona barazani kwetu.

4/7

Babu alikuwa fundi. Msimu wa karafuu ukiisha, mikeka ikishakunjwa, wazee walikusanyika kwetu baada ya sala ya alasiri. Akicheza na vijana alikuwa akijiwekea sharti. Siku nyengine husema, "Leo nyumba yangu haisafiri," yaani kete za nyumba hatazitoa kwenda kuzipanda hata akibanwa vipi. Siku nyengine husema hahesabi ushindi mpaka afunge mkononi, kabla ya kufika mtaji. Wakimshinda kwa sharti lake anacheka na kuwapa kahawa.

Halafu macho yakaanza kumwisha. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mie nilikuwa na miaka kama kumi.

Wenzake hawakumtupa. Walimwambia, "Papasa tu mzee, ubao wote ni wako." Babu akakataa. Safu zake atazipapasa, maana lazima apande. Safu za mwenzake hazigusi mpaka awe anakula. "Nyie mnahesabu kwa macho hamgusi, na mie siwagusi," akasema. Kwa hivyo upande wa pili aliuweka kichwani. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa ubavuni kumwambia mwenzake kaanza shimo gani na kaishia wapi. Hayo mawili tu.

Siku moja alikuwa anafungwa. Nilimwonea huruma, babu yangu kipofu anafungwa na kijana mwenye majigambo. Nikamnong'oneza, "Babu, shimo la tano lina saba."

Akaiweka kete chini. Akamwambia yule kijana, "Nimefungwa. Tandaza upya." Kijana hakuelewa, maana mchezo ulikuwa haujesha. Mimi nilielewa, uso ukanipata moto. Usiku nikamuuliza, "Babu, nani angejua?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, sharti niliweka mie. Sasa wa kulilinda awe nani?"

5/7

Baadaye nilipokuwa mkubwa nikajua babu hakuwa wa kwanza. Imepokewa kwamba Said bin Jubayr, yule mwanachuoni wa Tabiina aliyeuawa na Hajjaj mwaka 95 Hijria, alikuwa akicheza sataranji ameupa ubao mgongo. Anaambiwa mwenzake kacheza nini, naye anasema achezewe vipi. Hukumu ya sataranji wanazuoni wana kauli zao, mie ni nesi, siingii humo. Ninalotaka mlione ni kuwa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita tayari mtu anajiongezea uzito kwa hiari yake.

Kwa nini watu wafanye hivyo? Zamani nilidhani ni majivuno. Wapo wa majivuno, sikatai. Lakini mtazame babu. Giza hakulichagua. Lilimjia tu, kama maradhi yanavyokuja. Lakini alikuwa ameshakaa miaka na miaka akijifunga mwenyewe: nyumba isisafiri, afunge mkononi. Lilipokuja lile ambalo hakulitaka, alijua pa kuanzia. Akauliza tu, "Sasa nitacheza vipi?"

Nimeona wagonjwa wengi wodini. Aliyewahi kujinyima kitu kwa hiari yake mara nyingi huanza na swali hilo hilo la babu: sasa nitaishi vipi.

6/7

Sasa mama zangu msije mkasema nesi karuhusu gemu. Mimi bado ni nesi.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Gemu hata iwe ya busara vipi, saa saba za usiku ni sumu kwa mtihani wa asubuhi. Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Kumpa mtoto wa miezi minane simu ili anyamaze upike, najua tunachoka, lakini hapana.

Kwa mkubwa, kabla ya kufuta, muulize maswali matatu. Unacheza nini? Umejiwekea sharti gani? Ukiambiwa acha, unaweza? La tatu ndilo lenyewe. Mwenye kujiwekea sharti bado ndiye anayeishika gemu. Asiyeweza kuacha, analala na njaa, anaongopa, anaiba pesa za bando, huyo gemu inamshika yeye. Huyo mlete tuzungumze, asipigwe.

Na mimi nilikosea. Mwanangu alistahili kuadhibiwa kwa usiku ule. Ile kazi yake ya wiki tatu haikustahili kufutwa. Nilimwomba radhi. Kwetu mzazi kumwomba radhi mtoto si jambo la kawaida, sauti ilinitetema.

7/7

Tulikubaliana hivi. Sikumpangia mimi. Nilimwambia, "Wewe ni hodari wa masharti. Jiwekee la usiku." Akafikiri siku nzima. Akaja na lake: ikishasaliwa isha simu inalala jikoni juu ya kabati la vyombo, na siku za mitihani haiguswi kabisa.

Nisiwadanganye, amelivunja mara mbili. Mara ya kwanza nilimkamata mwenyewe. Mara ya pili nilikuwa zamu ya usiku, nyumbani hakuna aliyemwona. Asubuhi narudi nimechoka, kanipokea mkoba mlangoni. "Mama, jana nilicheza. Wiki hii sichezi."

Sikusema kitu. Nilikwenda chumbani nikalia kidogo, nikamkumbuka babu na ile kete yake aliyoiweka chini.

Gemu ameianza upya, mji mmoja. Na Ijumaa, baada ya sala, tumeutoa ubao wa babu stoo. Komwe kumi na moja zilipotea, tumezitafuta ufukweni. Ananifunga kila siku, kwa sababu enzi zile bao lilikuwa la wanaume na mie nilijifunza kwa kutazama tu.

La mwisho, na hili nawaomba kama nesi na kama mjukuu. Mtoto wa jicho unatibika kwa upasuaji. Babu aliogopa kisu, na sisi hatukumsukuma, akafariki hajatuona tena. Ukiona mboni ya mzee wako ina ukungu mweupe, au anapapasa kikombe mezani, usiseme ni uzee. Mpeleke akapimwe macho.

Kisha mkae naye barazani mumuulize: enzi zako ulikuwa unacheza nini, na ulijiwekea sharti gani? Niandikieni hapo chini watakayowajibu. Wiki ijayo inshallah homa.