Simbi na Kete

Kamusi zetu hueleza simbi kwa kete, na kete kwa kauri, kana kwamba maneno haya hayana tofauti. Kwa upande wa kiumbe chenyewe hakuna ubishi: gamba ni lile lile dogo, jeupe, linalookotwa miambani maji yanapokupwa. Tofauti imo katika kazi lililopewa gamba hilo.

Richard Burton, katika kitabu cha safari alichokichapisha mwaka 1860, alitaja kwamba Waswahili waliliita kete, na watu wa bara simbi. Habari hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Pwani, kauri ilikuwa bidhaa ya kuokota na kuuza; katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waliisafirisha kwa shehena kutoka Unguja hadi Afrika Magharibi. Lakini ni vigumu gamba kuwa fedha mahali ambapo kila mtoto aweza kujiokotea. Thamani hiyo lilipewa mbali na bahari. Katika Buganda simbi zilitungwa katika nyuzi, mia mia, zikanunua vyakula na mifugo. Rupia, na baadaye shilingi, zikaziondoa sokoni, ila jina halikuondoka: hata leo Mganda asemapo ensimbi anakusudia fedha, ijapokuwa ni ya karatasi au ya kutumwa kwa simu.

Kete ilifuata njia nyingine. Bao la Kiswahili halidai gamba. Ladai vitu 64 vinavyolingana. Komwe, mbegu za mkomwe, zikatosha kwa kazi hiyo, nazo zikaitwa kete. Mchezaji anaponamua hutia kete yake pasipo kuifikiria bahari hata kidogo. Na magazeti ya siku hizi yanapoandika kete za dawa za kulevya, maana iliyosalia ni ya kitu kidogo kinachohesabiwa kimoja kimoja. (Kauri, neno lililotujia kutoka Bara Hindi, tunaliacha kando; limekwisha kuhamia kwenye vikombe na sahani.)

Kwa hiyo mfasiri anayeandika kete panapotajwa simbi katika habari za masoko ya bara amewanyang'anya watu fedha zao akawapa vitu vya kuchezea. Katika kamusi, maana ya fedha haina budi kutajwa chini ya simbi, tena pamoja na mahali ilipotumika.