Afya Langoni mwa Utu Uzima: Kutoka Jandoni hadi Cheti cha Sekondari

Kila jamii ya wanadamu ina lango ambalo mtoto hana budi kulipita kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Malango hayo hayafanani kwa sura, wala hayalindwi na watu wa namna moja. Lakini yote yana jambo moja la kutufundisha. Kile ambacho jamii inamdai kijana langoni ndicho inachokithamini kwa dhati, na kile inachokiacha ajifunzie njiani ndicho inachokidharau, hata kama inakisifu kwa maneno. Katika insha hii tutalitazama lango hilo katika historia ya Tanzania, na kuuliza swali moja: je, elimu ya afya imepata kuwa sharti la kulipita, na je, yafaa iwe sharti kwa kijana anayemaliza shule ya sekondari?

Kwa wazee wetu wa makabila mengi, hasa ya pwani na ya kusini, lango hilo lilikuwa jando na unyago. Kijana wa kiume aliingia jandoni chini ya ngariba na walezi. Msichana aliwekwa ndani na kukabidhiwa kwa kungwi au somo. Hapo walifunzwa usafi wa mwili, mabadiliko ya ujana, mwenendo wa ndoa, ujauzito na malezi ya mtoto mchanga. Miongoni mwa Wazaramo, mwali alipewa mwana hiti, yaani sanamu ndogo ya mti, akaitunza kama mtoto wake: aliiosha na kuipaka mafuta, ili mikono izoee kazi kabla kazi yenyewe haijafika. Mafunzo haya hayakuwa ya hiari. Asiyefundwa hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, hata kama umri wake ulikuwa umetimia.

Si haki, hata hivyo, kuyapamba ya kale kwa sifa zisizokuwa zake. Baadhi ya mafunzo hayo yalifungwa katika siri na vitisho. Mengine yalimfunza msichana utii kuliko maarifa. Katika sehemu kadhaa za nchi, lango la wasichana lilikuwa pamoja na ukeketaji, mila iliyoleta maumivu, maradhi na vifo, na ambayo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliifanya kuwa kosa la jinai kwa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Tunachokitafuta katika mila hizi ni msingi wake, si kila tendo lake. Msingi huo ni kwamba jamii ilikataa kumwachilia kijana aende ulimwenguni bila kuujua mwili wake.

Ukoloni ulileta lango jipya, nalo ni shule. Wamisionari wengi waliliona jando kuwa ni ushenzi wa kufutwa. Lakini wapo waliotambua kwamba ukiling'oa lango bila kujenga jingine, watoto hubaki uwanjani. Huko Masasi, padri Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, alianzisha jando la Kikristo mwaka 1913, akijaribu kuyahifadhi mafunzo na kuyaondoa yale ambayo kanisa lake halikuyakubali. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, na ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki na kusisitiza kwamba afya ihesabiwe miongoni mwa misingi ya kwanza ya elimu ya Mwafrika.

Ushauri huo ulisikika zaidi katika ukaguzi kuliko katika masomo. Mwanafunzi alisimama mstarini asubuhi, akaonyesha kucha, nywele na nguo zake. Aliyekuwa mchafu aliadhibiwa. Usafi ukawa amri ya mwalimu, si maarifa ya mwanafunzi. Na mwisho wa masomo, kilichompatia kijana cheti na kazi ya ukarani kilikuwa mtihani wa maandishi. Hivyo lango jipya lilimdai kijana lugha ya mtawala na hesabu, na mwili wake likauacha nje.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alilitaka taifa lipigane na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Ni jambo la kuzingatia kwamba ujinga na maradhi vilitajwa pamoja, kwani kwa kweli ni maadui wanaopeana hifadhi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikafanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ni miongoni mwa matendo makubwa ya utamaduni wa taifa letu. Kwa muda wa majuma 12, wananchi wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vyao vijijini na mijini. Walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Na baada ya kujifunza wakafyeka majani, wakafukia madimbwi na kuchimba mamia ya maelfu ya vyoo.

Hebu tuitazame kampeni hiyo kwa makini. Haikuwa na mtihani wala cheti. Kipimo chake kilikuwa shimo la choo lililochimbwa na maji yaliyochemshwa. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kufaulu, na msomi asiyetenda alishindwa. Hapa palirudi ule msingi wa kale: elimu ya afya ni wajibu wa kila mtu, na ushahidi wake ni matendo. Lakini waliofaidika walikuwa hasa watu wazima. Kijana aliyekuwa darasani aliendelea kungojea mtihani wake.

Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali pia kwa kazi zake za kila siku na mwenendo wake. Azimio hilo lilithibitisha jambo kubwa: taifa lina uwezo wa kuamua upya nini kidaiwe langoni. Kazi ilidaiwa, na tabia ilidaiwa. Afya haikupewa nafasi yake yenyewe. Iligawanywa kati ya masomo mengine, kama vile sayansi kimu na baiolojia. Hata katika mtaala wa mwaka 2005, ambao uliifanya Baiolojia kuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa kidato cha kwanza hadi cha nne, habari za afya zilikuwa sehemu tu ya somo hilo. Mtahiniwa aliyeshindwa swali la maradhi aliweza kufidia kwa swali la mimea, akapata cheti chake.

Gharama ya pengo hili si ndogo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wenyeji wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za biashara ya mpakani. Hadi Rais Benjamin Mkapa alipoutangaza kuwa janga la taifa, tarehe 31 Desemba 1999, miaka 16 ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo vijana wengi walitoka shuleni wakiwa na cheti mkononi, lakini bila maneno ya kuzungumzia hatari iliyowangojea. Kadhalika, kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, mpaka serikali ilipotangaza, mwezi Novemba 2021, kwamba aruhusiwe kurejea masomoni. Shule ilimwadhibu kwa kukosa maarifa ambayo yenyewe haikujiwajibisha kumpa. Kungwi wa kale asingeweza kufanya hivyo bila kuaibika, kwani kosa la mwali lilikuwa pia kosa la aliyemfunda.

Wapo watakaosema kwamba masomo tayari ni mengi, na kwamba si haki kumnyima cheti kijana hodari wa hesabu kwa sababu ya somo la afya. Wengine wataona haya mambo ya mwili kutajwa darasani. Hoja hizi zastahili jibu, na jibu lake limo katika historia yetu wenyewe. Mwali hakufelishwa, alikaa ndani mpaka alipofundwa. Kwa hiyo sharti la afya lisiwe mtihani mwingine wa kuchuja watu, bali liwe mafunzo ambayo kila kijana atayatimiza kwa matendo: kumhudumia aliyejeruhiwa, kuzijua dalili za malaria, kuuelewa uzazi na namna ya kujikinga. Atakayechelewa asaidiwe mpaka atimize. Na kuhusu haya, wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Cheti cha sekondari ni ahadi ambayo taifa huwapa wazazi kwamba mtoto wao sasa yu tayari kwa maisha. Wazee wetu hawakuitoa ahadi hiyo kwa kijana asiyeujua mwili wake. Mwaka 1973 wakulima wetu walionyesha kwamba elimu hiyo yaweza kuenea nchi nzima kwa redio, kijitabu na jembe. Ikiwa yaliwezekana hayo kwa wazazi, yapasa yadaiwe pia kwa ajili ya watoto wao.