Fahamu CEA: Protini kwenye damu inayofuatilia saratani ya utumbo mpana

Mgonjwa akigundulika na saratani ya utumbo mpana, kwenye majibu yake ya maabara mara nyingi kuna herufi tatu, CEA, na namba pembeni. Wengi huisoma namba hiyo kama hukumu. Siyo hukumu, ila ukijua kuisoma ina mengi ya kukuambia.

CEA ni nini?

Ni protini ambayo mtoto huitengeneza kwa wingi akiwa bado tumboni mwa mama. Baada ya kuzaliwa hubaki kidogo sana, lakini baadhi ya saratani huanza kuitoa tena. Iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada.

Namba inasemaje?

Maabara nyingi huchukulia chini ya nanogramu 5 kwa mililita kuwa kawaida. Ikiwa juu kabla ya upasuaji, kwa ujumla hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa zaidi. Hata hivyo, kinachobeba uzito mkubwa ni hatua ya ugonjwa, yaani umesambaa kiasi gani.

Angalia mwendo wake

Uvimbe ukitolewa wote, CEA iliyokuwa juu hutakiwa kushuka ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikigoma, au ikishuka halafu ikaanza kupanda, daktari huagiza CT scan kutafuta ugonjwa uliobaki au uliorudi, hasa kwenye ini na mapafu.

Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kupima kila miezi 3 hadi 6, kwa miaka kama 5. Usiruke tarehe hizo hata kama unajisikia mzima. Saratani iliyorudi ikikamatwa mapema, wapo wanaofanyiwa upasuaji tena na kupona.

Je, mtu mzima wa afya apime?

Hapana. Sigara na magonjwa ya ini vinaweza kuipandisha CEA bila saratani yoyote. Na wapo wenye saratani ambao CEA yao iko kawaida kabisa. Ukiona damu kwenye choo au unapungua uzito bila sababu, nenda hospitali ukaulizie kipimo cha kamera ya utumbo.

Siyo CEA peke yake

Protini nyingine hupimwa kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Mfano ni HER2 kwa saratani ya tumbo. Utafiti wa ToGA wa mwaka 2010 ulihusu wagonjwa wenye HER2 nyingi ambao ugonjwa ulikuwa umefika mbali. Nusu ya waliopewa trastuzumab pamoja na kemo waliishi zaidi ya miezi 13.8. Kwa waliopata kemo tu ilikuwa miezi 11.1.

Kabla hujaenda kliniki

Tunza karatasi zako zote na, ikiwezekana, pimia maabara ileile, maana mashine hutofautiana. Kisha muulize daktari: "CEA yangu ilikuwa ngapi kabla ya upasuaji, na sasa inapanda au inashuka?"