Waya na Karani Wake

Siku hizi ukitaka kuwasha ubishi kijiweni huna haja ya kutaja Simba na Yanga. Sema tu, "TikTok ni ya Wachina, wanatupeleleza." Hapo hapo watu watagawanyika. Wa kwanza watakuambia Mchina anajua mpaka saa unayolala. Wa pili watacheka: Mchina ana shida gani na kijana wa Manzese anayecheza singeli? Nimeusikiliza sana ubishi huu, na naona unakosa kitu kimoja, historia. Pwani yetu imekuwa ikiongea kwa waya za watu kwa karibu miaka mia na hamsini. Hebu tuanzie huko.

Mwaka 1879, Sultani Barghash akiwa kwenye kiti, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Eastern and South African Telegraph ilitandaza mkongo chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji na kufika Durban. Kabla ya hapo habari ya kwenda London ilipanda meli na kusafiri majuma. Sasa ikawa inafika wakati wino haujakauka vizuri. Jengo la kampuni hiyo lililokuja kujengwa baadaye pale Shangani bado limesimama, ila siku hizi ni hoteli ya watalii.

Lakini simu ile ilikuwa na jambo lake. Hukuyapeleka maneno yako mwenyewe. Uliyaandika kwenye karatasi, ukampa karani dirishani, karani akayasoma neno kwa neno ndipo akayagonga. Huko njiani kuna makarani wengine, nao wanayapokea na kuyapitisha. Ndiyo maana wafanyabiashara wa dunia nzima walikuwa na vitabu vya maneno ya siri, neno moja likibeba sentensi nzima. Walikwepa gharama, maana simu ililipiwa kwa neno, lakini pia walimnyima karani uhondo.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila kuwauliza Waingereza. Mwakilishi wao, Basil Cave, akapeleka simu London: je, mambo yakishindikana kwa maneno, tunaruhusiwa kulipiga jumba mizinga? Kesho yake jibu la ruhusa likawa limefika. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ikalia kwa muda usiofika saa nzima, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Shuleni tunafundishwa kwamba hiyo ndiyo vita fupi kuliko zote duniani, tunacheka, kengele inagonga. Sisemi waya ndio uliopiga mizinga. Nasema kwenye pwani hiyohiyo, ndani ya siku mbili, upande mmoja uliweza kuuliza swali hadi Ulaya na kujibiwa, kwa waya wa kampuni ya kwao.

Wajerumani nao yaliwakuta. Mkongo uliowekwa mwaka 1890 kutoka Dar es Salaam na Bagamoyo ulikwenda wapi? Unguja! Yaani Mjerumani wa Dar akitaka kuzungumza na Berlin, maneno yake yanapita kwanza mikononi mwa karani wa Kiingereza. Wajerumani hawakuwa wajinga, bwana. Baadaye wakasimamisha mtambo wa simu ya upepo Dar es Salaam. Uingereza ilipotangaza vita tarehe 4 Agosti 1914, alfajiri iliyofuata meli yake iitwayo Alert ilikuwa tayari baharini kule Ulaya ikikata mikongo ya Ujerumani. Tarehe 8 manowari Astraea ikaipiga Dar es Salaam mizinga, shabaha kubwa ikiwa ule mtambo.

Na kukatiwa waya siyo mwisho wa mambo. Ukikatiwa wako itakubidi uazime wa mwenzako. Januari 1917 waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, alipeleka ujumbe wa siri kwa ajili ya Mexico, akiiahidi msaada wa kurudishiwa ardhi yake iliyochukuliwa na Marekani iwapo ingeingia vitani upande wake. Aliupitishia kwenye waya wa kibalozi wa Wamarekani wenyewe, waliokuwa wamemwazima kwa nia njema. Waya huo ulipita Uingereza, na Waingereza walikuwa wanausikiliza. Wakaufumbua ujumbe. Kisha wakapata kichwa kingine cha kuumiza: wangeuonyeshaje bila Mmarekani kugundua kwamba hata yeye anasikilizwa? Wakatafuta nakala nyingine kule Mexico ili waseme wameipata huko. Aprili mwaka huo Marekani ikaingia vitani.

Sasa badilisha jina la karani, turudi kwenye simu zetu.

Juni 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shirika la usalama la Marekani, NSA, alitoa nyaraka za mpango ulioitwa PRISM. Kwa mpango huo shirika lilikuwa linapata barua pepe, picha na mazungumzo ya watu wa nje ya Marekani kupitia kampuni kama Microsoft, Yahoo, Google na Facebook. Watu wa nje ya Marekani ni nani? Ni mimi na wewe. Kijiweni sikumbuki ubishi wowote.

Halafu likaja zamu la Mchina, na mwenye hofu sasa akawa Mmarekani. Wahenga walisema mwizi hukamatwa na mwizi mwenziwe. Hofu yenyewe siyo ya kubuni. Sheria ya ujasusi ya China ya mwaka 2017 inazitaka kampuni na raia wasaidie kazi za ujasusi wa dola. Desemba 2022 ByteDance, wenye TikTok, walikiri kwamba baadhi ya wafanyakazi wao walichungulia taarifa za waandishi wa habari, wakitafuta nani ndani ya kampuni anavujisha siri. Hata hivyo, hoja ya serikali ya Marekani ilikuwa zaidi juu ya linaloweza kutokea kuliko lililokwisha kutokea. Aprili 2024 sheria ikapita: uzeni au mfungwe. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaikubali, na Januari 2026 TikTok ya Marekani ikawekwa chini ya kampuni mpya yenye wenye hisa wengi wasio Wachina. India haikungoja hivyo. Juni 2020, baada ya askari wake 20 kuuawa kwenye mpaka wa Galwan, ilifungia TikTok na programu nyingine 58 za Kichina kwa tangazo moja.

Na sisi? Machi 2018 wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya Kiingereza, walirekodiwa na waandishi wa televisheni waliojificha, wakijigamba jinsi walivyofanya kazi kwenye uchaguzi wa Kenya wa 2013 na 2017. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopata taarifa za Facebook za watu wanaokadiriwa kufika milioni 87, wengi wao hawakuwa wamejibu swali lolote la mtu. Rafiki yao tu ndiye aliyejibu chemsha bongo. Hakuna Mchina hapo. Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti zilizohusishwa na serikali ya Uganda, serikali nayo ikaifunga Facebook, siku mbili kabla ya uchaguzi. Wakubwa wawili waligombana, na Mganda aliyekuwa akiuzia viatu vyake humo akabaki katikati. Mwaka 2023 ombi la kuifungia TikTok lilifika Bunge la Kenya. Linalonishangaza ni kwamba kila mara tunauliza bendera ya karani, hatuulizi anasoma nini.

Maana waya wenyewe, haki ya Mungu, tumeanza kuwa nao. Mkongo wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009 serikali ya Kenya ina hisa, na kwenye EASSy wa 2010 zimo kampuni za simu za Afrika. Karani ndiye aliyebaki wa kigeni. Tena huyu ana macho kuliko yule wa Shangani. WhatsApp tangu 2016 hufunga maneno kwa msimbo ambao hata wenyewe hawaufungui, sawa. Lakini nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, hiyo haifichwi kwao. Ni kama bahasha iliyofungwa: postamasta bado anasoma anwani.

Kuna na lile dirisha linalotokea ukishapakua programu, likiuliza kama unairuhusu ione majina uliyohifadhi. Kijana anabonyeza "ruhusu" ili aendelee na mambo yake. Humo ndani kuna "Bibi Tanga", "Fundi Friji", "Dokta wa Sukari", "Mama Mwenye Nyumba". Bibi ana kitochi tu, hajui TikTok wala Facebook, hajakubali lolote, lakini namba yake na undugu wake na mjukuu vimeshakwenda. Zamani karani alimngoja aje mwenyewe dirishani. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na kwa sheria hiyo bibi huyo ana haki ya kuuliza nani anazo taarifa zake na anazifanyia nini. Kwanza itabidi mjukuu amwambie kwamba alizigawa.