Chakula cha koi

Koi ni samaki wa mapambo wa jamii ya karpi, aliyezalishwa Japani kwa ajili ya rangi zake na ambaye leo hufugwa katika mabwawa ya bustani duniani kote. Chakula chake cha kiwandani huuzwa kwa majina mengi: cha kukuza, cha rangi, cha majira ya baridi, cha kila siku. Majina hayo humwambia mnunuzi machache. Kinachotangulia katika kuchagua ni maji anamoishi samaki: joto lake, oksijeni iliyomo, na kiasi cha uchafu ambacho chujio la bwawa linaweza kukimudu. Koi mwenye afya hula karibu chochote anachorushiwa, kwa hiyo ulafi wake si ushahidi kwamba chakula kinamfaa.

Wakulima wa mpunga wa Yamakoshi na vijiji jirani, katika milima ya Niigata, walikuwa wakifuga karpi wa kitoweo kwenye mabwawa ya kumwagilia mashamba yao ya ngazi. Mwanzoni mwa karne ya 19 walianza kuwatenga samaki waliozaliwa na mabaka ya rangi na kuwazalisha wao kwa wao. Mwaka 1914 samaki hao walipelekwa kwenye Maonyesho ya Taishō jijini Tokyo, na sifa zao zikaenea Japani nzima. Milimani huko ulishaji hufuata majira. Hadi leo wazalishaji wa Niigata huwahamishia koi wao kwenye mabwawa ya udongo theluji ikishayeyuka na maji kupata joto, kisha huwavua mnamo Oktoba kabla ya baridi kurudi. Katika miezi hiyo samaki hula chakula cha mfukoni, lakini pia hufukua tope wakitafuta mabuu ya wadudu, minyoo, konokono wadogo na mimea. Zamani walilishwa sana mabundo ya nondo wa hariri, yaliyobaki baada ya nyuzi kutolewa. Mabundo hayo yana protini na mafuta tele na koi huyagombania, ila mafuta yake huchacha upesi. Kwa sababu hiyo yanafaa kutolewa mara mojamoja tu, tena yakiwa mapya.

Mwili wa samaki

Koi hana mfuko wa tumbo. Chakula husagwa na meno yaliyo kooni, kisha huingia moja kwa moja kwenye utumbo. Umbile hilo lina matokeo mawili ambayo mfugaji hana budi kuyajua. Kwanza, samaki hana pa kuweka akiba ya mlo mkubwa. Akipewa chakula kingi kwa mkupuo, sehemu yake hupita bila kumeng'enywa vizuri na kuishia majini. Milo midogo mitatu au minne kwa siku, kila mmoja ukiisha ndani ya dakika tano hivi, humnufaisha kuliko mlo mmoja mkubwa wa jioni.

Pili, pasipo tumbo hakuna asidi ya tumbo. Fosforasi iliyomo kwenye mifupa ya unga wa samaki huhitaji asidi ili iyeyuke, kwa hiyo koi huipata kidogo sana, na inayobaki hutoka na kinyesi kulisha mwani unaoyageuza maji kuwa ya kijani. Ndiyo sababu chakula kizuri huongezewa chumvi za fosfati zinazoyeyuka kwa urahisi. Lebo ikionyesha kiwango kikubwa cha majivu, mara nyingi ni dalili kwamba mifupa imesagwa kwa wingi humo, na mnunuzi ana haki ya kuutilia shaka mfuko huo hata kama protini yake inaonekana kuwa juu.

Joto, protini na maji

Damu ya koi hufuata joto la maji, na utumbo wake vilevile. Maji yakishuka chini ya nyuzi 8 hivi, huacha karibu kabisa kula na asilishwe. Kati ya nyuzi 10 na 15 hupewa kidogo, na huko Japani na Ulaya chakula cha msimu huo hutengenezwa kwa kiini cha ngano, chenye protini ya chini na kinachosemekana kumeng'enywa kwa urahisi. Kwa maoni ya mwandishi, katika baridi hiyo kiasi kina uzito kuliko kiambato. Chakula chepesi kikizidi huoza kama kilivyo kingine. Kuanzia nyuzi 18 hadi 26 hivi hamu ya kula hufika kileleni, na hapo ndipo chakula cha kukuza chenye protini ya asilimia 35 hadi 40 huwa na maana, hasa kwa samaki wachanga. Mkubwa aliyekwisha kukua hutosheka na protini ya asilimia 30 au zaidi kidogo.

Protini ndiyo sehemu ghali ya chakula, na ndiyo inayochafua. Takribani asilimia 16 ya uzito wake ni naitrojeni. Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 40 huingiza bwawani gramu 64 za naitrojeni. Chenye asilimia 30 huingiza gramu 48. Samaki hujenga mwili kwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Iliyobaki huitoa, hasa kupitia matamvua, ikiwa amonia. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, lakini bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuzaliana. Katika bwawa jipya, kwa hiyo, chakula cha kukuza ni hatari hata kiwe bora namna gani. Amonia huwa sumu zaidi maji yanapokuwa ya moto na yenye pH ya juu, hali ya kawaida katika bwawa la saruji lililojengwa karibuni na linalopigwa na jua.

Hapa mfugaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja anatofautiana na yule wa Niigata. Maji ya pwani hayafiki baridi ya kumfanya koi asusie chakula, kwa hiyo mfuko wa chakula cha majira ya baridi hauna kazi kwake. Tatizo lake ni joto. Maji ya nyuzi 10 yaliyojaa hewa hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba chini ya 8. Na samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi ili kumeng'enya. Asilishwe alfajiri, kwa kuwa mwani na mimea vimekula oksijeni usiku kucha, bali jua likishapanda. Siku za joto kali mgawo upunguzwe. Jijini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji hubeba oksijeni pungufu hata yakiwa ya baridi, hivyo pampu ya hewa hufanya kazi ambayo hakuna chakula kinachoweza kuifanya. Katika Julai ya nyanda za juu hamu ya samaki hupungua, na mgawo upungue nayo.

Pale chakula cha koi kutoka nje kinapokosekana au kinapokuwa ghali mno, chakula cha kuelea cha sato kilichotengenezwa vizuri ni mbadala wa kuaminika, kwani sato naye hula mimea na wadudu. Kinachokosekana humo ni viambato vya rangi. Chakula cha kuelea kina faida nyingine: samaki hupanda juu, na mfugaji huona nani hali, nani ana kidonda, na masalio huondolewa kwa wavu. Punje ziwe ndogo za kutosha kuingia mdomoni mwa samaki mdogo kuliko wote bwawani.

Rangi

Hakuna chakula kinachoweza kumpa koi rangi ambayo hakuzaliwa nayo. Hata hivyo, wekundu wake unatokana na karotenoidi, na samaki hawezi kuziunda mwilini mwake, lazima azile. Hupatikana katika spirulina, ambayo ni mwani mdogo, na katika uduvi; mojawapo, astaksanthini, huongezwa kiwandani. Katika bwawa la udongo hujipatia mwenyewe kwa kula viumbe vidogo, lakini katika bwawa la saruji lenye maji maangavu hutegemea mfuko. Zikizidi hudhuru sura. Kwa Kohaku, aina nyeupe yenye mabaka mekundu, ule weupe huanza kuingia wekundu hafifu au umanjano, na thamani yake machoni pa wajuzi hushuka. Wafugaji wengi huchanganya chakula cha rangi na cha kawaida, kisha huacha cha rangi mara weupe unapoanza kutiwa doa.

Uhifadhi

Vitamini C huharibika haraka kwa joto, hewa na unyevu, na upungufu wake huweza kupindisha uti wa mgongo wa samaki wanaokua. Mafuta nayo huchacha. Mfuko mkubwa wa bei nafuu, kwa hiyo, si nafuu kwa mwenye samaki watano: anunue kiasi kinachokwisha ndani ya miezi miwili au mitatu, akiweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pa baridi na pakavu, mbali na jua. Unyevu wa pwani huotesha ukungu upesi, na chakula chenye mahindi au mashudu ya karanga huweza kupata sumukuvu, ambayo huharibu ini. Kukianika chakula hicho juani hakuiondoi sumu hiyo. Chenye harufu ya uvundo, kilichoshikana mabonge au chenye vumbi la kijani kitupwe, wala kuku wasipewe.